Chuo Kipi Kinamfaa Mtoto wa Mwanachama?



Kila mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne kutangazwa, ofisi za vyama vyetu vya msingi, kuanzia Msowero na Rudewa hadi Ulaya, Mikumi na Kidodi, hupokea mgeni wa namna moja. Ni mzazi aliyeshika karatasi ya matokeo, na kijana wake amesimama nyuma, amenyamaza. Mzazi huyo anataka barua ya utambulisho, au mkopo wa ada, au ushauri tu. Aghalabu swali lake huwa hili: "Ndugu Katibu, chuo gani ni kizuri?"

Swali hilo halina jibu, kwa kuwa hakuna chuo kilicho kizuri kwa watu wote. Kuna chuo kinachofundisha kazi fulani, kwa kiwango fulani, kwa gharama fulani, na kuna kijana ambaye kazi hiyo inamfaa au haimfai. Mtu asiyejua aendako hawezi kuuliza nauli. Kwa hiyo katibu anayetaka kumsaidia mwanachama hana budi kwanza kuligeuza swali lenyewe: kijana huyu anataka kufanya kazi gani, na je, anaiweza? Likipata jibu hilo, jina la chuo halichukui muda kupatikana.

Jambo hili si dogo. Fedha zinazolipwa ada katika wilaya yetu ni malipo ya ufuta au mbaazi za msimu mzima, au ni malipo ya miwa ya Ruembe, au ni vitunguu vya Malolo vilivyomwagiliwa kwa miezi mingi. Familia nyingi zina uwezo wa kumpeleka chuoni mtoto mmoja tu kwa wakati mmoja. Akipotea njia huyo, mdogo wake anayemfuata husubiri.

Aulizwe kijana mwenyewe

Wazazi wengi humwuliza mtoto, "Unataka kuwa nani?" Naye hujibu kwa majina ya heshima anayoyajua: daktari, mwanasheria, mhasibu. Yafaa aulizwe kwa namna nyingine. Siku isiyokuwa na shule hushinda akifanya nini bila kutumwa? Majirani humwita wanapohitaji nini? Yupo anayeitwa redio inapokufa. Yupo anayekabidhiwa daftari la michango ya msiba kwa sababu hesabu zake hazipotei. Yupo ambaye mbuzi akiugua nyumbani huwa wa kwanza kujua. Dalili hizi zina uzito kuliko jibu la mdomoni, nasi twaona makatibu, ambao huwaona vijana hawa tangu wakiwa wadogo, wana nafasi nzuri ya kuzieleza mbele ya mzazi.

Kisha kijana ajaribiwe. Kati ya kumaliza mtihani mwezi Novemba na kutoka kwa matokeo mwezi Januari ipo miezi miwili ambayo aghalabu hupita bure. Wiki tatu katika karakana ya fundi, au katika duka la pembejeo, au akifuatana na afisa ugani shambani, zitamfundisha mambo ambayo hakuna kitabu kitakachomwambia. Wengine watarudi wakisema hawaitaki tena kazi waliyoililia. Hiyo ni faida, maana wamejua kabla ada haijalipwa.

Tuchukue mfano wa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na tangu hapo vijana wa vijiji vinavyopakana nayo wamekua wakiwaona askari wa wanyamapori wakipita katika magari yao. Si ajabu kwamba wengi wakiulizwa husema wanataka "uhifadhi". Lakini ndani ya neno hilo moja mnaweza kuwamo matamanio matatu yasiyofanana, na kila moja lina chuo chake.

Anayependa pori lenyewe, mwenye miguu ya kutembea siku nyingi, kulala nje na kuvumilia nidhamu ya kijeshi ambayo kazi hiyo inadai siku hizi, atazame Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, au Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, mkoani Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1963. Aelezwe pia kwamba waombaji ni wengi kuliko nafasi za ajira. Wa pili anachopenda hasa ni wageni: kuzungumza nao, kuwapokea, kuwapikia. Huyo hana haja ya kujua kushika bunduki. Chuo chake ni Chuo cha Taifa cha Utalii, au chuo cha hoteli na utalii cha VETA kilichoko Njiro, Arusha. Wa tatu, ukimchunguza, hakuwa akiwatazama askari wala wageni. Alikuwa akilitazama gari. Huyo chuo chake kiko nyumbani kwake, Chuo cha Ufundi Stadi cha VETA Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia, ambako malori hupita usiku na mchana na mengine huharibikia papo hapo.

Vijana watatu, neno moja, na gharama zinazotofautiana mno. Mzazi asiyeuliza zaidi ya neno lile huenda akauza shamba kumpeleka wa tatu chuo cha wa kwanza.

Vilivyo karibu nasi

Imekuwa desturi kudhani kwamba elimu ya maana iko Dar es Salaam. Desturi hii imewagharimu wanachama fedha nyingi za nauli, chumba na chakula, na wakati mwingine mtoto amefuata huko mafunzo ambayo angeyapata kwa kupanda basi la asubuhi.

Nje kidogo ya mji wa Kilosa iko Ilonga, ambapo utafiti wa kilimo umefanyika tangu mwaka 1943. Mahindi ya Staha na TMV-1, ambayo wanachama wengi wameyapanda, yametokana na kazi ya kituo hicho. Hapo hapo Ilonga kuna chuo cha mafunzo ya kilimo cha Wizara, maarufu kama MATI Ilonga, na pia kuna Chuo cha Ualimu. Kijana anayesomea kilimo mahali penye mashamba ya majaribio huona mbegu ikichaguliwa, huona wadudu wenyewe na huzungumza na watafiti. Hata hivyo mzazi asimpeleke huko kwa sharti la ajira ya Serikali tu. Wapo maafisa ugani walioajiriwa, lakini wapo pia wahitimu wanaosubiri. Amfae zaidi kijana ambaye, ajira ikichelewa, yuko tayari kulima mwenyewe, kuuza pembejeo, kuzalisha mbegu, au kukitumikia chama chake cha msingi kama mtaalamu.

Kilosa mjini kipo chuo cha maafisa tabibu. Hapa kosa la kawaida ni la wazazi. Udaktari una heshima, na tabibu huitwa daktari kijijini; basi mzazi hulazimisha. Lakini utabibu una masharti yasiyobembelezwa: ufaulu katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kijana aliyefeli Kemia asipotezewe muda kwa kuandikiwa barua za kuombewa. Na aliyefaulu yote matatu lakini anaogopa damu, naye asikilizwe.

Kwa wanachama wa miwa wa upande wa Kidodi na Ruembe, iko taasisi ambayo majirani wake wengi hawaitumii, nayo ni Chuo cha Taifa cha Sukari, Kidatu. Kinafundisha utaalamu wa uzalishaji wa sukari, kazi inayotakiwa na viwanda vya Kilombero na sasa kiwanda cha Mkulazi huko Mbigiri. Mkulima wa miwa hubishana na kiwanda kila msimu kuhusu uzito na kiwango cha sukari katika muwa wake. Chama chenye kijana anayejua namna kipimo hicho kinavyofanywa katika maabara kitabishana kwa hoja.

Mjini Morogoro pana Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1984, pana kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, pana VETA Kihonda, na pana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa. Hivi vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na husahauliwa upesi. Hupokea hata mtu asiyekuwa na cheti cha sekondari. Baadhi yake huwapokea wasichana walioacha shule kwa ajili ya ujauzito, na humruhusu mama kusoma huku mtoto wake akilelewa hapo hapo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2021 msichana wa namna hiyo anaruhusiwa pia kurudi katika shule ya kawaida. Katibu akimjua binti wa mwanachama aliyekaa nyumbani kwa sababu hiyo, asisubiri aulizwe. Na tukizungumzia mabinti, si kila binti ni wa cherehani. Umeme wa majumbani, ufundi bomba na uchomeleaji havina jinsia.

Treni ya reli mpya ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ikipita Kilosa, vijana wengi walianza kuulizia kazi za reli. Wenye nia hiyo watazame Chuo cha Reli Tabora na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam.

Namba zinazowachanganya wazazi

Hapa tunaomba makatibu wasome kwa makini, maana mkanganyiko wake ni mkubwa. Wazee wetu waliosoma ufundi zamani wanakumbuka majaribio ya ufundi ya Daraja la Tatu, la Pili na la Kwanza. Katika mpango ule Daraja la Tatu lilikuwa la chini na la Kwanza lilikuwa la juu. Katika tuzo za ufundi stadi za sasa mambo yamegeuka: ngazi ya kwanza ndiyo ya kuanzia, na ya tatu ndiyo ya juu. Baba mwenye cheti cha zamani cha Daraja la Kwanza akisikia mwanawe anaanza ngazi ya kwanza hufikiri amefika. Akisikia ngazi ya tatu hudhani ameshushwa. Kijana anayeishia ngazi ya kwanza kwa sababu baba alidhani kazi imekwisha ana cheti, lakini mwajiri atampita.

Vyuo visivyo vya ufundi stadi, kama vya kilimo, afya na biashara, vina hesabu nyingine. Ngazi ya nne ni cheti cha awali, ya tano ni cheti cha juu yake, na ya sita ni stashahada. Kila ngazi kwa kawaida ni mwaka mmoja, kwa hiyo kijana aliyemaliza Kidato cha Nne hufika stashahada kwa miaka mitatu. Sharti la jumla la kuanza ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, angalau kwa alama D. Kila fani huongeza masomo inayoyataka yenyewe.

Tunalisema hili kwa sababu wapo wazazi wanaoamini kwamba asiyekwenda Kidato cha Tano amekwisha. Mwenye stashahada iliyo na wastani wa alama usiopungua 3.0 anaweza kuomba kujiunga na chuo kikuu. Atafika huko akiwa na ujuzi wa kazi mkononi, na fedha zikikatika njiani ana cheti cha kuombea kazi. Aliyemaliza Kidato cha Sita akakosa nafasi hana cheti cha kazi yoyote. Hatusemi Kidato cha Tano ni kibaya. Kwa mwenye alama nzuri na aliyekusudia udaktari, uhandisi au uanasheria, hiyo ndiyo njia fupi. Tunasema kwamba njia ni mbili.

Na mwanachama mwenyewe, fundi wa miaka ishirini aliyejifunza chini ya mwembe bila kuingia darasani, asijione ameachwa. VETA ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa kazi yake, hufundishwa penye upungufu, kisha hupewa cheti. Kwa mtu anayetaka kuomba zabuni ya kujenga ghala la chama, cheti hicho kina maana.

Chuo cha Ushirika

Tungekuwa wanafiki kuandika kuhusu vyuo katika jarida hili tusikizungumzie cha kwetu. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963. Katika miaka ile kazi yake haikuishia darasani. Masomo ya ushirika yalipelekwa vijijini kwa posta na kwa redio, na wajumbe wa halmashauri wakakaa vikundi vikundi kuyajadili. Serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976, wengi wa waliofunzwa wakatawanyika, na vyama viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 vilikuwa na upungufu mkubwa wa watu wa kutunza vitabu. Baadhi ya vyama vya msingi havijapona hadi leo. Chuo chenyewe kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 2004, na tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Hufundisha kuanzia cheti hadi shahada, na kina tawi Kizumbi, Shinyanga.

Kijana yule wa daftari la michango ya msiba ndiye wa huko. Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 inataka hesabu za chama zikaguliwe. Taarifa za vyama sasa huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao MUVU. Na mauzo ya stakabadhi ghalani hupita katika karatasi ambazo mtu asiyejua uhasibu huzisoma kwa kubahatisha. Chama kisichokuwa na mtu wa kazi hiyo humkodi wa mbali, humlipa, na humwona siku ya mkaguzi tu. Twaona ni busara kwa chama chenye uwezo kumlipia kijana mmoja wa wanachama masomo ya cheti, kwa mkataba ulioandikwa na kupitishwa na mkutano mkuu, kwamba atakitumikia chama kwa muda uliokubaliwa. Pasipo mkataba, chama kitakuwa kimesomesha mtumishi wa mtu mwingine. Achaguliwe kwa uwezo wake. Akichaguliwa kwa sababu ni mtoto wa Mwenyekiti, wanachama watajua.

Kabla ya kulipa

Matangazo ya vyuo hubandikwa kila penye ukuta. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, na fani husika kuidhinishwa katika ngazi husika ni jambo jingine. Vipo vyuo vilivyo halali ambavyo hutangaza pia masomo ambayo havijaruhusiwa kuyafundisha. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha chuo, fani, muda, idadi ya nafasi, masharti na ada. Kwa vyuo vikuu, mwongozo hutolewa na TCU. Miongozo hiyo haiuzwi. Hupatikana katika tovuti zao, na katibu mwenye simu ya kisasa anaweza kumsomea mzazi papo hapo. Fani isiyoonekana katika mwongozo isilipiwe hata senti, hata kama mwenye chuo ni jamaa.

Ada iliyoandikwa si gharama yote. Mzazi aombe maelekezo ya kujiunga na aisome orodha yote: michango, sare, vifaa vya kazi, bima ya afya, mafunzo kwa vitendo, chakula. Kwa mfano, ada ikiwa shilingi 600,000 na mengineyo 700,000, mwaka ni shilingi 1,300,000, na miaka mitatu ni 3,900,000. Mzazi aliyepanga 600,000 atakuwa amemwandaa mtoto kuacha masomo muhula wa pili. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa, zikiwamo za afya na kilimo. Mzazi aulize kama fani ya mtoto imo.

Liko pia tatizo la majira. Fedha za ufuta huingia katikati ya mwaka. Vyuo vingi vya kilimo na afya hufungua kati ya Septemba na Novemba, na kozi ndefu za VETA huanza Januari. Katikati hapo kuna harusi, kuna bati za nyumba, kuna pikipiki. SACCOS zinaweza kufungua akiba ya ada ambayo mwanachama huiweka siku ile ile ya malipo na haitolewi ila kwa namba ya malipo ya chuo. Mikopo ya elimu nayo ipangwe irejeshwe wakati wa mavuno; kumdai mkulima marejesho ya kila mwezi ni kumsukuma kwa walanguzi.

Mwisho, makatibu wawakumbushe wazazi kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujaza fomu ya uchaguzi, iitwayo Selform, akiwa bado shuleni, na TAMISEMI huitumia kuwapangia wanafunzi Kidato cha Tano au vyuo. Wengi huijaza kwa kuigana. Baada ya matokeo kutoka, hutangazwa kipindi cha kubadili machaguo kwa njia ya mtandao, na kwa miaka ya karibuni kimeangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili. Kijana ahifadhi namba yake ya mtihani pamoja na alama za siri alizotumia kujisajili. Katibu aandike katika ubao wa matangazo tarehe ya kufungwa mara itakapotangazwa, na aweke ofisini daftari la majina ya watoto wa wanachama walioko vyuoni, chuo na fani ya kila mmoja, ili mzazi wa mwaka ujao apate wa kumwuliza.